Magodoro Mia Tatu Uani

Jumatatu, 3 Machi

Mzigo umepatikana! Mwenye kiwanda cha magodoro kanipa kazi: magodoro mia tatu, kwenda shule ya bweni, kilomita 1,400, majimbo manne. Kuondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Lori langu limekaa uani juu ya mawe miezi minane, majirani wakilianikia nguo. Sasa watazitoa.

Nimempigia mke wangu. Yuko kwao tangu nilipobadilishana cherehani yake na betri ya lori. Akasema atakuja Jumamosi ajionee mwenyewe. Lori likitoka, anarudi nyumbani. Lisipotoka, nisihangaike kumpigia tena. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. Angekuwa na hasira ningejua la kumwambia.

Jumanne, 4 Machi

Ratiba! Kurasa kumi na moja. Kila mizani, kila kituo cha mafuta, kila mahali pa kujisaidia, kwa dakika. Magodoro ni mepesi, kwenye mizani nitapunga mkono tu.

Shemeji kapita bila kualikwa. Ni kaka yake mke wangu, na lori lake ni jipya, halikosi kuoshwa. Kauliza kama nina turubai, na kama kibali cha kupita majimbo yote kimeshatoka. Nikamwambia hayo yote yamo ukurasa wa saba. Ukurasa wa saba sijauandika. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Kimbelembele tu!

Nimekula mkate mkavu nimesimama. Nyumba hii haina hata wa kunigombeza.

Alhamisi, 6 Machi

Limewaka! Limeshuka juu ya mawe, limenguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Machozi yamenitoka. Moshi, nadhani.

Ila roho haijatulia. Lori likienda kupakia kiwandani, Shemeji atakuwa pale na lake, na mzigo utaota mbawa. Kwa hiyo nimemwomba mwenye kiwanda aniletee magodoro hapa hapa uani. Akashangaa, akasema malori yote huenda kwake. Nikamwambia huo ni utaratibu wa zamani. Pikapu yake imekuja mara sita. Makuli wamepanga, wamekaza kamba, wamekwenda. Mzigo umepanda juu kuliko paa la nyumba! Aje basi Shemeji auchukue.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Nilitaka kulijaribu lori mpaka barabarani na kurudi. Sikufika barabarani. Januari, lori likiwa ndani juu ya mawe, nilijenga boriti ya zege juu ya geti na kuiandika kwa rangi nyekundu: USAFIRISHAJI WA UHAKIKA. Mzigo umeizidi boriti kwa shibiri moja. Nimepima mara nne. Nimepima kwa kamba, kwa ufagio na kwa mkono. Shibiri ni ile ile.

Shemeji akatokea, sijui nani kamwita. Akasema tushushe safu mbili za juu, tulitoe lori, tupakie tena tukiwa nje. Saa moja tu ya kazi, na yeye mwenyewe atabeba. Ni wazo zuri, ndiyo maana limeniuma. Kesho atamwambia dada yake kwamba lori kalitoa yeye! Nikamjibu kwamba ratiba yangu haina kipengele hicho, na kwamba nina mbinu yangu. Akaniambia, kwa upole, niache ubishi, dada yake anataka kurudi.

Mbinu ni kutoa upepo kwenye matairi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili na nusu nimetoa upepo matairi yote sita. Lori likainama vizuri. Nikaingiza gia. Kichwa kikapita, mzigo ukaingia nusu, boriti ikaung'ang'ania. Mbele haliendi. Nyuma haliendi. Matairi yamelala kama viatu vilivyovuliwa.

Mke wangu kafika saa moja kasoro dakika kumi, na begi lake lile kubwa. Nikamwambia, nikiwa kwenye usukani, kwamba nusu ya lori imetoka. Hakucheka. Kauliza yeye aingie wapi. Ni kweli, pa kupita hapakuwa na upenyo hata wa paka, na geti ni hilo moja tu. Alijaribu kulisukuma begi lipite kati ya lori na ukuta. Likakwama. Akalivuta, akalipangusa vumbi, akasimama.

Mvua ikaanza. Turubai sikuwa nalo. Magodoro ya juu yakanywa maji, yakavimba, na boriti ikazidi kukaza.

Shemeji kaja na makuli. Wameshusha, wametenga mabichi na makavu, wamepakia kwenye lori lake. Kibali anacho. Mwenye kiwanda kamkabidhi mzigo mbele yangu, hata hakunitazama. Saa tano wakaondoka. Mke wangu alipanda mbele na begi lake, ashushwe kwao. Nimeumia sana, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi

Simu! Ni yeye, kapiga mwenyewe, saa tatu asubuhi. Amesema hataki lori wala cherehani. Amelia kidogo. Amesema niende kwao leo, kwa miguu, mikono mitupu, tukae tuzungumze. Atanisubiri barazani mpaka jua lizame, kisha atafunga mlango na hatanisubiri tena. Kutoka hapa ni kilomita sita.

Furaha niliyonayo haielezeki! Safari hii sitakosea. Nimeketi papo hapo na rula na daftari. Njia ziko mbili, nimezichora zote. Nimepima upana wa mlango wao kwa kukumbuka. Nimeweka mahali pa kupumzika, maneno ya kuanzia, maneno ya akiba, na la kufanya mvua ikinyesha.

Sasa ni saa moja kasoro robo jioni, nimelazimika kuwasha taa ili nimalize. Kurasa tisa, hakuna kilichosahaulika. Naondoka Alhamisi.