Tundu Lisilo na Kazi

Jumatatu, 4 Septemba 1972. Lisekese.

Leo nimemaliza kazi aliyoisahau mwanangu Edmund. Fundi bomba yule, Masasi nzima hakuna wa kumfikia, nimemzaa mimi. Lakini mwanamume ni mwanamume, hamalizi. Kabla hajaenda kazini Nachingwea alinichimbia kisima uani, akafunga pampu ya mkono. Ukipiga pampu, maji yanapanda kwenye pipa juu ya jukwaa, kisha yanateremka bombani. Bomba! Uani kwangu! Ukifungua, maji yanaruka hadi kwenye mpapai.

Ila juu ya pipa kaacha kijitundu, kakifunika kwa kipande cha chandarua. Akaniambia, mama, hilo tundu liache. Liache la nini? Vumbi liingie? Jirani yangu Mama Julia achungulie? Nimelijaza lami iliyobaki kwenye kopo lake la kazi, nikalainisha kwa mwiko wa zamani. Limependeza. Darasa la nne nililosoma mimi lilikuwa la misheni. Usafi tulifundishwa.

Jumamosi wageni wanakuja kutoka Newala. Mama Isabela pamoja na kaka yake, Mjomba Cyril, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya Isabela, mchumba wa Edmund. Wanakuja kulitazama bomba, wala hawafichi. Mama Isabela keshasema kwamba yeye ameteremka bondeni kuchota maji tangu yu mtoto, na binti yake hatashuka kutoka Newala kuja Masasi kubeba ndoo nyingine. Bomba likitoa maji, Isabela ni wetu. Lisipotoa, suti ya harusi ya Edmund itazeekea sandukuni.

Jumanne, 5 Septemba.

Maji yamepungua! Ukifungua yanakuja kwa kishindo, mara yanalegea, mara yanadondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Pampu nayo ngumu, Baba Edmund anaining'inia miguu juu. Nimeligonga pipa. Limejaa. Maji yamo, hayataki tu kushuka.

Baba Edmund akauliza, mbona juzi yalikuwa mazuri, jana umefanya nini? Nikamwambia jana nimefanya usafi. Akarudi kwenye pampu.

Nimeshajua. Ni Mama Julia! Kachimba shimo la taka upande wa kisima changu, anayavuta maji yangu chini kwa chini. Nilimwendea nikamweleza kwa upole, mtaa mzima umenisikia. Akajibu eti shimo lake linafika magotini, na kama pipa langu limejaa, yeye kavuta nini? Akaongeza kwamba huu ni wakati wa Ujamaa, mwenye bomba la peke yake asishangae likimsusia. Mumewe ni balozi wa nyumba kumi, basi naye anajiona serikali.

Alhamisi, 7 Septemba.

Nimefikiri. Maji hayana nguvu kwa sababu pipa liko chini. Vijana wa mgambo walikuwa wanatoka gwaride, nikawaita, nikawapa uji, nikawaambia hii ni kazi ya taifa. Wakaliinua pipa juu ya matofali. Kutoka kwa Mama Julia sasa linaonekana lote. Hiyo peke yake ni faida.

Nikafungua bomba mbele yao. Maji yakaja, yakalegea. Halafu pipa likalia, TII! Ubavu umebonyea ndani. Mgambo wote chini, kifudifudi kwenye mihogo. Baba Edmund chini ya meza, anapiga kelele Wareno wamefika! Mama Julia alicheka mpaka akashika ua wake asianguke.

Lakini mume wangu kanipa akili. Mabomu ya Wareno huko ng'ambo ya Ruvuma yametikisa ardhi, maji yameogopa. Nimemsamehe Mama Julia kwa sasa. Shimo lake bado nalitazama.

Jumamosi, 9 Septemba.

Sijui nianzie wapi.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Maji yana nguvu mwanzoni tu, basi nitafungua, watashangaa, nitafunga upesi, twende chai. Wageni wakashuka kwenye lori wekundu kwa vumbi. Shikamoo, marahaba, nikafungua. Fyaa! Wakashangaa. Nilipotaka kufunga, Mama Isabela akanizuia mkono, akaomba sabuni, anawe.

Akajipaka povu hadi viwikoni. Na maji yakafa! Tone. Tone. Mkwe wangu kasimama na povu linakauka. Nikasema bomba letu huwa linapumzika kidogo saa hizi. Mjomba Cyril akakohoa. Nikawakokota ndani, eti nikamtafutie Mama Isabela kanga ya kujifutia, hata kufunga bomba nikasahau.

Ndani, aibu nyingine. Mama Julia kamleta binti yake eti anisaidie, kumbe kunipeleleza. Nikampa kopo la maziwa. Kalitoboa mara moja, kalipindua juu ya kikombe cha Mjomba Cyril, maziwa hayatoki. Nikamnyang'anya! Nikamwambia mbele ya wote, wewe mtoto wa balozi, mkubwa hivi hujui kopo linatobolewa mara mbili? Tundu la maziwa, na tundu la upepo! Bila upepo kuingia, maziwa yatatokaje? Nikapiga msumari mwenyewe. Maziwa yakamiminika.

Mjomba Cyril akaliangalia kopo. Akaangalia dirishani, kwenye pipa. Akaniomba ule msumari.

Mtu mzima na koti lake, kapanda jukwaani! Ko, ko, ko kwenye lami yangu. Pipa likavuta pumzi, fyuuu, ubavu ukarudi mahali pake, na maji yakaruka hadi kwenye mpapai. Mama Isabela alikimbia nje na povu lake. Kanawa. Kamaliza kunawa, lakini hakutoka. Kasimama mikono majini, sketi inalowa. Halafu akasema taratibu, Isabela aje.

Isabela ni wetu! Edmund wangu ataoa! Na yote kwa sababu nilijua kulitoboa kopo mbele ya wageni. Adabu ya mezani ndiyo iliyowalainisha. Kilichomtuma Mjomba juu ya pipa sijui, labda alitaka kutazama mtaa.

Jumatatu, 11 Septemba.

Wakwe wameondoka. Watu wazuri sana. Ila Mjomba Cyril ana mikono isiyotulia, kaniachia tundu juu ya pipa! Harusi ni Desemba, kanisa zima litapita uani, waone tundu?

Lami ilikuwa imebaki kidogo. Nimeliziba, na juu yake nimepigilia kipande cha bati, asilichezee mtu tena. Safi kabisa.

Jioni maji yamepungua. Nimechungulia uani kwa Mama Julia. Kachimba shimo la pili!