Mpiga Ngoma Asiye na Kiti

Jumamosi, 2 Juni 2001

Siku ya kheri! Katoni la vipuri limefika kutoka Dubai. Nimeligawana na jirani yangu wa duka nusu kwa nusu bila kugombana, jambo ambalo halijatokea mtaani kwetu Buyenzi tangu vita ianze. Katika nusu yangu: plaketi za breki, taa za nyuma za Korola, na chini kabisa kanda ya video. Juu yake picha ya wazungu wanne wenye nywele nyingi na magitaa.

Moyo ulinidunda. Nikafunga duka, nikakimbia hadi garaji la Idi, maana ndiye mwenye deki ya video. Wimbo wa kwanza tu, Idi akadondosha spana. Ni wao! Wale Wanne!

Miaka saba tumewapenda kwa kaseti moja ya redio isiyo na jalada. Hatukujua sura zao wala jina la bendi, ndiyo maana tuliwaita Wale Wanne. Sasa kumbe kuna filamu inayoeleza maisha yao, na imeangukia mikononi mwangu mimi Moubarak, prezida wa klabu yetu ya wapenzi wao. Hata karatasi yake imeandikwa "1". Yaani gredi ya kwanza. Katika vipuri mtu haulizi mara mbili akiona hiyo.

Imekuja wakati wake. Jumapili ya wiki ijayo tunachagua prezida, na Herménégilde ananinyemelea. Anafanya kazi benki kule Rohero, anavaa tai hata Jumamosi, na alisoma Kiingereza Kampala. Anasema klabu ya roki yahitaji kiongozi anayeelewa maneno. Maneno! Miaka saba hatujaelewa hata moja na penzi halikupungua.

Bila uprezida mimi ni muuza plaketi tu. Lazima nishinde. Jumanne nitaonyesha filamu na nitaitafsiri mwenyewe.

Kasoro ndogo: sijui Kiingereza, isipokuwa kile cha kwenye mikebe ya oili.

Jumapili, 3 Juni

Nimeitazama na Idi, sauti chini, mlango umefungwa. Filamu ya ajabu! Hakuna bunduki, hakuna mapenzi. Watu wanaketi kwenye viti na kusema. Mara picha za zamani zisizo na rangi, kisha viti tena.

Maswali yamenijaa kichwani. Kwa nini kila mmoja kaketi peke yake? Wana chumba kidogo? Wamekosana? Wanamwambia nani, maana hawatazami mbele, wanatazama pembeni kana kwamba kuna mgeni kasimama karibu na dirisha? Na yule mama mzee wa miwani ni nani? Anashika picha ya mtoto, anacheka, kisha anajifuta macho.

Sehemu ya gari dogo la abiria lililozimika njiani kwenye theluji tuliirudia hadi deki ikapata moto. Idi anaapa ni kabureta.

Ndipo nikagundua. Mwimbaji ana kiti. Wa gitaa ana kiti. Wa besi ana kiti. Mpiga ngoma, yule wanayemtaja kila mara, Desi, hana! Yumo kwenye picha za zamani tu. Na mwishoni mwimbaji anaitazama picha ya Desi, anameza mate, anatazama dari, machozi yanamlengalenga. Kanda inaishia hapo.

Nilimwambia Idi kwa sauti ya chini kwamba Desi amekufa. Idi akavua kofia, akasema inna lillahi.

Hilo ndilo litakalonipa uchaguzi. Mwenye kuleta habari ya msiba ndiye husikilizwa.

Jumanne, 5 Juni

Ushindi!

Tulianza saa tisa mchana ili watu wawahi kurudi kabla ya kuvufe, saa ya kukatazwa kutoka nje. Televisheni juu ya boneti ya Korola. Wamejaa: mafundi wa hapa Buyenzi, watu wa mtaa wa Mutakura waliokuja na mwanachama wetu Daphrose, na Herménégilde mstari wa mbele, miguu ameikunja nne.

Nilisimama pembeni nikatafsiri. Ulimi ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Mwimbaji aliposema sana, nilisema sana. Aliponyamaza, nilikunywa maji. Nilieleza kwamba walikulia kwenye umaskini, na kwamba mama wa miwani ndiye mama yake Desi, alimkataza ngoma akitaka awe fundi. Mafundi walipiga makofi. Gari lilipozimika, garaji zima lilisimama kutoa ushauri. Nusu ya maneno yangu yalipotea, heri.

Herménégilde alikohoa kila sentensi. Mtu hawezi kuwa na kikohozi cha kiangazi namna hiyo.

Halafu mwisho. Nikatangaza kifo cha Desi. Hata fundi aliyekuwa akipiga bati nje aliweka nyundo chini. Herménégilde akainuka akasema mwimbaji hakusema hivyo hata kidogo. Nilimuuliza swali moja tu: kama yu hai, kiti chake kiko wapi? Watu wakamgeukia. Ndiyo, kiko wapi? Kiingereza cha Kampala hakikumpa jibu.

Idi aliinua mikono akaanza Fatiha, kisha akasita na kuuliza kama marehemu alikuwa Mwislamu. Mjadala mkali. Wa kwetu walikumbusha kwamba kwenye picha moja ana ndevu nzuri. Wa Mutakura wakasema kwenye nyingine amevaa msalaba. Tukaamua aombewe na pande zote, maana njia ya huko ni ndefu.

Ndipo Daphrose akauliza kwa upole nani alimkalia matanga. Hakuna aliyejua. Akasema mtu hafi hivihivi kama kuku. Macho yote kwangu. Nikasema klabu itakaa matanga Jumamosi, mimi nikiwa msimamizi. Siku moja kabla ya uchaguzi! Mungu akikupa hakuandikii.

Alhamisi, 7 Juni

Shida. Dada yangu Waridi amekataa kupika. Anasema hapikii msiba wa mtu asiyemjua, tena mzungu, tena mpiga kelele. Akauliza mama yake ni nani. Nilimwambia mama yake yupo kwenye filamu, mzee mwenye miwani, ameshika picha ya mtoto. Akauliza kama alimzika mtoto wake kwa macho yake. Nikasema ndiyo, maana nilishaanza na sikuona pa kuishia. Dada Waridi aliingia jikoni, akashusha ile sufuria kubwa ambayo hajaigusa tangu mwaka wa tisini na sita.

Nimeandaa hotuba nzuri. Nimeandaa pia kiti kitupu cha kuweka mbele, kwa heshima ya marehemu. Wazo langu mwenyewe. Herménégilde asingeliwaza hata kwa miaka mia.

Leo hajaonekana kazini, nimesikia. Anazunguka kwenye maduka ya vipuri, duka hadi duka, na tai yake. Anatafuta nini? Hana gari.

Jumamosi, 9 Juni

Sijui niandike nini. Matanga yamefana. Yamefana kupita kiasi.

Wamekuja watu nisiowajua. Wamekuja wa mitaa ambayo siku hizi mtu wake hakanyagi mtaa wa mwenzake. Wa Mutakura walileta kreti ya bia. Idi aliiweka nje ya lango, basi msiba ukawa na sehemu mbili na watu wakipokezana. Pilau ya dada Waridi ilinyamazisha hata wabishi. Kiti kitupu mbele, juu yake vijiti viwili vya ngoma alivyochonga Idi.

Nilisoma hotuba. Nilisema Desi alikuwa mpole, mkarimu, mpenda jirani. Niliona watu wanaguswa. Nilikuwa karibu kufika kwenye sehemu ya uprezida wangu Daphrose aliposimama.

Daphrose anauza nguo za mitumba soko kuu. Tunamjua kwa kicheko chake. Ukiwa unamtafuta sokoni, unasikiliza tu. Jana nisingeamini ana sauti nyingine. Alisema kaka yake Eddy ndiye aliyemwonjesha nyimbo za Wale Wanne. Alipiga ngoma kwenye beseni lake la kufulia hadi likapasuka upande, na bado analo. Mwaka wa tisini na tano alitoka asubuhi kununua mkate. Basi.

"Mi sikumukalia Eddy matanga," akasema. "Ningemukalia namna gani? Mwili sikuuona, habari sikupata. Leo mutaniruhusu nimulie hapa, kwa huyu muzungu."

Akalia. Fundi mmoja akamtaja baba yake. Mama mmoja akataja majina matatu mfululizo na kuketi. Kila mtu alikuwa na wake. Wakayataja kwa kile kiti, na Idi akawa anaitikia amin kwa wote, bila kuuliza nani ni wa dini gani wala wa mtaa gani.

Hotuba yangu ilisahaulika kabisa. Iliniuma. Lakini nami nililia, na mpaka sasa najiuliza nilikuwa nikimlilia nani, maana Desi simjui. Nimemkumbuka mama. Ajabu.

Saa ya kuvufe ilikaribia na hakuna aliyetaka kuondoka. Ilibidi Idi azime taa. Herménégilde pekee hakuja. Hana utu.

Jumapili, 10 Juni

Nimekwisha!

Wajumbe wote kwenye garaji, kura karibu kuanza. Herménégilde akaingia, jasho mpaka kwenye tai, mkononi kanda ya video. Picha ileile. Imeandikwa "2".

Ilikuwa kwenye nusu ya katoni ya jirani yangu! Alikuwa ameitia chini ya mguu wa meza yake ili isiyumbe. Kumbe "1" si gredi. Ni mwanzo tu.

Herménégilde alitangaza kwamba sasa ukweli utajulikana. Akaiweka. Mlango mwekundu. Mkono unagonga. Tukangoja. Mlango ukafunguka na hapo akasimama mzee mnene, kipara, amevaa ndara, kuku mweupe kwapani.

Desi.

Akaketi kwenye kiti. Kiti chake! Akaanza kusema.

Nilitazama lango, nikapima kama naweza kupita kati ya Korola na ukuta. Herménégilde alinielekezea kidole akasema watu waliibiwa machozi yao na pilau ikapikwa bure, kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya. Akatafsiri, safari hii kutoka Kiingereza chenyewe: mwimbaji alilia kwa sababu yeye na Desi hawajasemezana miaka ishirini. Waligombania lile gari lililozimika.

Idi akauliza kama ni gari tu. Akaambiwa ni gari tu. Akashika kichwa. Miaka ishirini, wote wawili wazima, kwa kabureta! Si wangelileta Buyenzi?

Nilikuwa nimeshafika kwenye bampa ya Korola. Ndipo vigelegele vikapasuka nyuma yangu. Daphrose! Amesimama juu ya benchi, mikono hewani.

"Amefungua mulango!" alipiga kelele. "Muliona? Tumemulilia, na amefungua mulango!"

Garaji likalipuka. Watu wanakumbatiana. Yule mama wa majina matatu anacheza na fundi wa bati. Dada Waridi anamcheka Desi kwa unene wake, anasema mama yake sasa alale usingizi. Herménégilde alizidi kueleza kwamba jambo la msingi ni uongo wa Moubarak. Nani alimsikia? Walikuwa wakidai arudishe nyuma. Si maneno, mlango tu. Unagongwa, kimya, unafunguka. Rudisha. Unagongwa, kimya, unafunguka. Daphrose alikuwa anaziba mdomo kwa kanga kila kimya kile kilipofika, kana kwamba safari hii huenda akatoka mtu mwingine.

Kisha kura. Mimi: moja, yangu. Herménégilde: moja, yake. Waliobaki wote: Daphrose, ambaye hakugombea.

Amri yake ya kwanza kama prezida: kile kiti kitupu kisiondolewe. Nikamkumbusha kwamba Desi hana haja nacho tena, ameonekana na chake. Akasema anajua. Akaweka juu yake beseni lililopasuka.

Jumatano, 13 Juni

Siku tatu sijatoka dukani. Herménégilde alipita asubuhi. Nilidhani amekuja kunicheka, kumbe naye kavunjika moyo. Tulikunywa chai. Alikiri kwamba swali langu la kiti lilikuwa zuri. Mtu mwenye akili, nikimtazama vizuri.

Kila jioni Daphrose akitoka sokoni anapitia kwa Idi, anaomba mlango, anautazama mara moja, anashukuru, anaenda kuwahi kuvufe. Idi anasema siku hizi wengine wanakuja pia. Wanasimama tu nyuma, hawaketi.

Nimefikiri sana. Nimepata funzo. Kosa langu halikuwa kumuua Desi. Kosa langu lilikuwa kuacha mtu mwingine amfufue! Mtu akifa wanalia vizuri, lakini akirudi wanapiga kura. Na anayetaka watu warudi lazima kwanza wafe.

Leo Idi ameniazima deki, nimeitazama tena kanda ya kwanza, peke yangu. Mpiga besi amekohoa mara kadhaa. Rangi yake si nzuri. Na ile ya pili ameniazima pamoja nayo hadi jioni Daphrose apite, nimeificha chini ya taa za nyuma za Korola.

Kesho nitaanza taratibu. Nitasema ni mgonjwa tu. Dada Waridi nimeshamwomba asirudishe sufuria juu ya kabati. Aliniuliza ni kwa ajili ya nani. Nikasema bado sijui jina lake, lakini ana mama.