Wapangaji Saba wa Jumapili

Komeo lililia kidogo sana, kama panya aliyebanwa mkia, kisha likanyamaza. Pantaleo alifumbua macho gizani. Alilijua komeo hilo: chumba namba nane, kwa Festo mchimbaji. Mtu mwenye amani huvuta komeo kwa kishindo. Anayelivuta kwa huruma namna ile, saa kumi alfajiri, ana godoro kichwani na hana nia ya kuaga.

"Festo naye kaondoka," alimnong'oneza mkewe.

"Basi tumebaki wenyewe," Justa akajibu.

Masumbwe ilikuwa hivyo mwaka ule. Vyuma vilikuwa vimekaza. Mashimo ya jirani yalitoa maji badala ya dhahabu, mashine za kusaga mawe zilizimwa, na kila uvumi wa rashi ulipofika, yaani kwamba dhahabu imeonekana mahali pengine, wapangaji walifungasha. Nyumba ya Mzee Magesa, vyumba vinane vinavyotazamana uani, ilibaki na familia moja tu: ya Pantaleo, dalali wa mji, aliyekaa bure kwa cheo cha msimamizi.

Mtu mwingine angesikitika. Pantaleo alitabasamu.

"Mama Noela, watu wakilia ndipo nyumba zinanunuliwa. Namchukulia mzee hii kwa milioni sita. Naiuza kumi na nne. Ikishauzwa tu, tunahama."

Milioni sita alikuwa nazo. Alivyozipata hatutasimulia, maana huenda kuna watoto wanasoma.

Justa alimfunika Noela miguu. Mtoto alikuwa na miaka mitano na alikwishahama nyumba sita, kwa sababu kila alipoanza kuzoea mlango, baba yake aliuza, alikimbia au alifukuzwa. Justa hakuwa na tamaa kubwa duniani. Alitaka mlango mmoja ambao hakuna mtu wa kumwambia atoke.

Asubuhi Pantaleo alimpigia simu Mzee Magesa, Shinyanga mjini.

"Shikamoo mzee. Nyumba yako sasa ina popo na mimi. Na popo nao wameanza kulalamika."

Kabla ya wiki kuisha nyumba ilikuwa yake, na mzee alishukuru mpaka akatuma kilo mbili za mchele.

Kazi ikawa kumpata mnunuzi.

"Darasani kwetu nimesikia kuna mama mmoja wa Ushetu," Justa alisema huku akipepeta mchele ule. "Kauza tumbaku. Anatafuta nyumba ya kupangisha."

Darasani maana yake darasa la jioni, ambako kina mama wanane walijifunza kuandika barua, hesabu za biashara na mikataba. Pantaleo aliliita chuo kikuu cha vitenge, na hakuwahi kuuliza wanasoma nini.

"Mke wangu, wewe ni dhahabu! Ila mtu wa tumbaku hanunui maneno. Atataka kuona wapangaji. Atataka mikataba yenye muhuri."

"Wapangaji niachie mimi. Wenzangu saba. Elfu tano tano, wakae Jumapili moja."

Pantaleo aliandika mikataba saba kwa mwandiko uliopendeza kama kadi ya harusi. Kila mmoja ulisema mpangaji amelipa kodi ya miezi sita, shilingi elfu thelathini kwa mwezi, taslimu, yote. Akawapeleka wanawake saba kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Wote wamelipa?" mwenyekiti aliuliza.

"Wote, mwenyekiti. Mpaka nikaona aibu kuzipokea."

Muhuri ukagongwa mara saba.

Jumapili baada ya misa, ua ulijaa maisha. Majiko yaliwaka, nepi zilianikwa, watoto waligombania ndoo. Bi Epifania aliingia na mkoba wake kwapani, mama wa makamo mwenye macho ya kuhesabu.

"Mwangaluka, mayu!" Pantaleo alimsalimia Kisukuma, akimwita mama kwa heshima ya mkoba.

"Mwangaluka. Hawa wote wapangaji?"

"Wapangaji? Hawa ni nguzo! Dhahabu ikatike, mvua ikatike, hawa hawakatiki. Muulize yeyote."

Bi Epifania akamgeukia Goodness, mmoja wa wale saba, ambaye alimtazama shangazi yake huyo kama mtu asiyemfahamu hata kwa sura. "Mnakaaje hapa, mama?"

"Vizuri sana. Hatutoki hapa ng'o."

Pantaleo alifurahi. Elfu tano ya huyu ilistahili nyongeza.

Bi Epifania akasoma mikataba, mmoja baada ya mwingine, akilowesha kidole. "Miezi sita mbele, vyumba saba. Hiyo ni milioni moja na laki mbili na sitini elfu. Umeshaila?"

"Nimeipokea, mayu."

"Kwa hiyo nikinunua leo, nusu mwaka sili hata mia. Utaikata kwenye bei?"

Pantaleo alicheka kicheko kikavu. Hakuwa amefikiria kwamba mtu angemdai fedha ambazo hajawahi kuziona.

"Tutaelewana tu."

"Nitafikiri," akasema Bi Epifania, akaondoka na mkoba wake, umenenepa vilevile.

Jioni Pantaleo alipita chumba kwa chumba na noti za elfu tano. "Jamani, ahsanteni. Igizo limekwisha, kila mtu kwake."

Goodness alikuwa anasonga ugali. "Kwetu ndiyo hapa, baba mwenye nyumba. Mkataba unasema miezi sita."

"Mkataba gani? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kwa muhuri."

Alikwenda kwa mwenyekiti mbio, shati likiwa nje. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pantaleo, ulisimama hapa ukasema wamelipa. Chagua: ulinidanganya siku ile, niite polisi, au unanidanganya leo, nikusamehe?"

Pantaleo akachagua msamaha.

Hapo ndipo alipojua maana ya kuwa mwenye nyumba. Kodi hapati, lakini kila kukicha kuna anayegonga. Choo kimejaa. Bati la namba tatu linavuja. Bawaba ya namba sita imeng'oka. "Mwenye nyumba, hivi hata taa ya uani mpaka tukuombe?" Na yeye, mjanja wa Masumbwe, alipanda juu ya bati na misumari mdomoni, huku Jenifa wa namba tatu akimwelekeza kutoka chini: "Sogea kulia, baba. Kulia kwako, si kulia kwangu!"

Wanunuzi wengine walikuja. Kila mmoja alisoma mikataba, akauliza ilipo kodi ya miezi sita, akaaga kwa adabu.

Mwezi wa pili, choo kilipojaa tena, alimpigia Bi Epifania mwenyewe.

"Mayu, ile nyumba, nipe kumi."

"Nne."

"Nne! Mimi nimenunua sita!"

"Pole sana, baba. Na choo nasikia kimejaa."

Hakujiuliza amesikia wapi. Waliandikishana mbele ya mwenyekiti. Pantaleo alikuwa anahesabu noti kwa mara ya tatu.

"Niusome mkataba kwa sauti?" mwenyekiti aliuliza.

"Tusichoshane, mwenyekiti. Sahihi niweke wapi?"

"Subiri. Hii ni nyumba mnayoishi. Bila mkeo kuridhia, hauuziki hata mlango. Mama Noela, umeridhia?"

"Nimeridhia kabisa," Justa akasema, akatia sahihi nzuri yenye mkia.

Kesho yake Pantaleo aliamka mwepesi. Hasara ni hasara, lakini milioni nne ni milioni nne, na huko Songwa aliambiwa kuna watu wanaoamini haraka.

"Mama Noela, funga godoro. Mwenye nyumba mpya anaweza kuja saa yoyote."

Justa hakuinuka. Alikuwa anampoza Noela uji.

"Ameshafika," alisema. Akatoa karatasi ya mauzo ya jana chini ya mto, akamnyooshea.

Pantaleo aliisoma kwa mara ya kwanza. Bi Epifania alikuwa ametia sahihi kwa niaba ya kikundi cha darasa la jioni. Chini yake majina yalikuwa manane, kila moja na laki tano zake na namba ya chumba chake: miaka mitatu ya vitumbua, mboga na kusuka nywele. Jina la nane lilikuwa Justa, chumba namba moja.

Alikaa kitandani.

"Mke wangu. Umenitapeli mimi?"

"Nilikuuliza, nikuambie darasani tunasoma nini? Hukutaka." Alisema taratibu, bila kuringa. "Sikufukuzi, Baba Noela. Ukitaka kukaa, kaa. Kodi elfu thelathini, miezi sita mbele. Hela unayo, nilikuona ukihesabu mara tatu."

Uani wanawake saba waliacha kufagia ili wasikie vizuri.

Pantaleo aligeukia pale alipobaki na matumaini. "Noela, mwanangu, vaa viatu twende na baba."

Noela alimeza uji, akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti iliyofika mpaka namba nane:

"Mimi sihami."