Ombi la Kuvifundisha Adabu Vifaa vya Wodini

Kwa Mhandisi Mkuu wa Kerneli,

Mheshimiwa, salamu. Mimi ni yule mwandishi wa mwongozo uliyemweka kwenye meza ya karibu na choo. Uliniagiza nieleze, kwa lugha inayosomeka, machaguo yote ya ishara za kukatiza katika kerneli, kile kiini cha programu kinachoendesha mashine zetu za wodini. Nimeyasoma, na nimeudhika.

1. Ishara ya kukatiza ni nini? Ni kifaa kukurupuka na kuiambia prosesa, ubongo wa mashine, iache kazi yake ikisikilize. Prosesa nayo, bila haya, inaacha! Mtoto wangu akifanya hivyo mbele ya wageni, anatolewa sebuleni.

2. Fundi wako tunayemwita Bwana Baadaye ameeleza chaguo la kwanza hivi: "Washa kama unalihitaji." La pili: "Kama hilo la juu." Nilipomwuliza kuhusu la tatu alinijibu, "We andika tu, kaka, nani anasoma?" Huyu ana digrii mbili na kiti cha kuzunguka.

3. Kibaya zaidi, kipima mapigo ya moyo kimepewa cheo kikubwa kuliko vifaa vyote. Moyo wa mgonjwa ukisita kidogo tu, kinakatiza hata ripoti ya mkurugenzi ikiwa inatoka kwenye printa. Ripoti ya mkurugenzi, mheshimiwa! Kina neno gani lisiloweza kungoja?

Kwa hiyo naomba ishara zote zizimwe. Kila kifaa kikae foleni, na prosesa ikipata nafasi itakiuliza kwa upole kama kina shida. Chini ya kila chaguo nimeandika: "Usipojua, jibu Hapana." Wagonjwa watazoea. Mbona sisi tunangoja nje ya ofisi yako na hatufi?

Mwongozo unakwenda kuchapwa leo jioni, imebaki sahihi yako tu.

Nisalimie katibu muhtasi, mlinzi wa getini, na Bwana Baadaye akiamka.

Wako mtiifu, aliyelelewa kungoja zamu yake,
Mwandishi wa Mwongozo

Nyongeza: Dada amenipigia simu sasa hivi. Mama amelazwa tangu asubuhi, na amefungwa kipima mapigo chetu. Muuguzi alikuwa anakula, mashine ikalia, akaacha sahani akamwahi. Dada anasema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine. Tafadhali usitie sahihi. Kama umeshatia, ifute. Mimi nakimbilia kwa mama.