Turubai la Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Jua kali. Gundi imechemka kwenye kopo bila moto. Turubai langu la pembetatu linafunika benchi la fundi viatu, yaani mimi, na mteja mmoja mwembamba. Shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu, hana hata leso juu ya kiti chake, hatua chache kutoka kwangu katika ua huu huu. Wateja wake wananyoa kwake, kisha wanakuja kupumzika kwangu. Leo nimewafukuza. Tukapigiana kelele.

Mama mwenye nyumba akatoka. Kachoka na sisi. Kasema Jumapili mchana atatazama: wateja watakaokuwa kivulini ni wa nani. Huyo atabaki na ua. Mwingine akafanyie kazi chumbani mwake. Mke wangu akadakia kwamba gundi ikiingia chumbani, mimi nitoke. Hakuwa anatania.

Jumanne, 4 Machi
Nimeomba ruhusa ya kukuza turubai. Mama mwenye nyumba kakubali kila upande uwe mara mbili, usizidi hapo, na kona iliyofungwa kwenye msumari wa mlangoni kwangu isihame. Nikaitikia kwa adabu zote. Masikini, hajui! Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na nilimsikia akisema kwamba pande zikiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne. Shemeji kwisha habari yake.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kanipa karatasi ya miraba. Tumechora ua mzima: bomba la maji ndiyo sifuri, mraba mmoja ni hatua moja. Msumari wangu uko tatu kulia, mbili juu. Nguzo moja iko tano, mbili. Nyingine tatu, tano.

Akaanza kunieleza. Kitovu cha ukuzaji ni msumari, kwa hiyo kila nguzo nipime umbali wake kutoka kwenye msumari, kisha niuzidishe kwa mbili. Msumari wenyewe unabaki pale pale. Maelezo marefu, kama kawaida ya walimu. Nikamshukuru, nikamsubiri aende sokoni, nikazidisha kila namba kwa mbili moja kwa moja. Dakika moja tu! Sita, nne. Kumi, nne. Sita, kumi. Sijui huko shuleni wanafanya nini mwaka mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshona kutwa nzima. Upande mmoja hatua nne, mwingine sita, sawasawa na karatasi. Shemeji kapita, kauliza ninashona nini. Nikamwambia pazia. Kaenda zake akipiga mluzi. Apige tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechimba mashimo, nikihesabu hatua kutoka kwenye bomba. Jambo la ajabu kidogo: karatasi inadai nguzo tatu, wakati zamani zilikuwa mbili na msumari. Ile sita, nne iko mbali kiasi na mlango. Nikakumbuka sharti la kona kutohama. Nikatafakari. Kona haijahama, imekua. Nikamwaga saruji.

Mke wangu kachungulia dirishani, kauliza mbona nguzo imekimbia nyumba. Nikamwomba asinivuruge, niko kwenye hesabu.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nilitundika turubai. Zuri, limekaza, kivuli kipana cha kujivunia. Nikarudi kwenye benchi langu kusubiri ushindi. Benchi lilikuwa la moto. Nikatazama juu. Anga tupu.

Kivuli chote kilikuwa kwa shemeji! Kiti chake, kioo chake, wateja wake wamejinyoosha kama wako kwao. Hata mteja wangu mwembamba alikuwa kule, mguu mmoja hauna kiatu.

Mama mwenye nyumba katoka, katazama, kasema kinyozi abaki na ua. Shemeji akanishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu, akasema hajawahi kupata shemeji mwenye moyo kama wangu. Nikasema familia ni familia. Nilitaka kulia.

Mke wangu alijizuia mpaka tulipoingia ndani. Kisha alicheka hadi akakaa sakafuni. Alipopata pumzi, akatoka kuzungumza na kaka yake. Shemeji amekubali niweke benchi pembeni mwa kivuli, mradi nifagie nywele. Nimekaribishwa chini ya turubai langu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefagia. Kivuli ni kizuri kweli, siwezi kusema uongo. Shemeji kanipa soda, tumecheka kidogo. Nimeshona viatu vingi kuliko wiki yote iliyopita. Mke wangu kachora upya na kunionyesha: kutoka kwenye msumari, nguzo zingekuwa saba, mbili na tatu, nane, na benchi langu lingekuwa katikati ya kivuli. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa heshima.

Lakini kosa nimeligundua mwenyewe. Tatizo lilikuwa ile mbili. Mbili ni ndogo, ndiyo maana kona iliishia kwa shemeji. Nikizidisha kwa tatu, itampita kabisa! Nimehesabu hatua jioni hii, kutoka kwenye bomba. Tisa, sita ni chini ya dirisha la mama mwenye nyumba, pale anapoanika nguo. Atafurahi kupata kivuli. Nitamwambia saruji ikishakauka.