Mashine Nazo Husalimiana

Kimumu, Eldoret
Jumatatu, 12 Septemba 1988

Kwa Bwana Murunga, Mtahini Mkuu,
Chuo cha Elimu kwa Posta cha Mapambazuko,
Nairobi.

Bwana Mtahini mheshimiwa,

MINTARAFU: ALAMA NNE ZA SWALI LA TISA

Natumaini hujambo, nyumbani hawajambo, na kifua cha mama watoto kimepona kama alikuwa nacho. Huku sisi wazima na mahindi yanakauka vizuri. Ila mimi, Angeline Awuor, nina uchungu.

Mimi ni mwanafunzi wenu wa posta. Kazi yangu ni swichibodi ya ushirika wetu wa mahindi hapa Eldoret. Januari ushirika unaleta kompyuta mbili, moja hapa na moja kwa ghala letu la Moi's Bridge, zitumiane habari kwa waya wa simu. Meneja amesema kiti cha kompyuta ni changu nikimletea cheti chenu cha Usalama wa Mawasiliano. Nikikosa, kinaenda kwa mpwa wake, ambaye mwezi jana alijifungia stoo na ufunguo uko mfukoni mwake. Kupita ni alama hamsini. Mmenipa arobaini na nane. Rufaa mwisho wake ni Ijumaa tarehe 23.

Swali la tisa liliuliza: habari ikikatwa vipande viitwavyo pakiti na kutumwa kwa waya, ni nini huzichelewesha? Nilijibu: salamu. Mkanipa sifuri, na kwa wino mwekundu mkaandika, "Mashine hazisalimiani." Nililia, halafu nikacheka, halafu nikatafuta kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikubahatisha, nilipima. Nilishika saa ya mume wangu Opiyo, nikampigia Mama Wacera wa ghala la Moi's Bridge nimuulize kama magunia yamefika. Swali lilichukua sekunde tatu. Jibu lake, "Yamefika," sekunde moja. Simu nzima ilichukua dakika kumi na moja. Katikati yake tulipitia goti lake, ng'ombe wangu, na harusi ya binti ya mchungaji. Waya haukuwa na kosa lolote.

2. Najua pakiti pia huchelewa kwa kupanga mlolongo njiani. Hilo sikuliandika. Mwaka huu kura zimepigwa kwa mlolongo, kwa hivyo neno hilo ni la Chama, na mimi nina watoto.

3. Kitabu chenu wenyewe, ukurasa wa thelathini na moja, kinasema mashine ya kwanza huuliza kama mwenzake yupo, mwenzake hujibu kwamba yupo, ya kwanza nayo humjulisha kwamba imesikia, ndipo kazi ianze. Kama hizo si salamu, basi sijui kwenu mnaamkuana namna gani.

4. Cheti ni cha usalama, kwa hivyo tuongee usalama. Julai mtu alipiga simu ghalani akijiita meneja, akaamuru magunia mia mbili yapakiwe kwa lori lililoko langoni, upesi, hana wakati wa maneno mengi. Mama Wacera hakubishana naye. Alimuuliza tu kama mama mkwe hajambo. Yule bwana akajibu kwamba hajambo kabisa, anawasalimu. Mama mkwe wa meneja tulimzika Juni, na Mama Wacera ndiye alipika chai. Lori liliondoka tupu. Nionyesheni kufuli ya kompyuta inayoweza hivyo, nami nitarudisha hata hizo arobaini na nane.

5. Hivyo basi, pakiti inayofika mbio bila kusalimu ni ya kushukiwa, na inayochelewa ni ya mtu mwema. Wahenga hawakukosea kusema haraka haraka haina baraka. Naomba nipewe alama zangu nne. Naomba pia kitabu kichapwe upya. Tena kila mashine katika Jamhuri ifundishwe kumuuliza mwenzake habari za watoto, mvua na mifugo kabla ya kupokea chochote, na ile ambayo haijui mama mkwe anaendeleaje ikatwe waya siku hiyo hiyo. Kama hamna mtu wa kuzifundisha, Mama Wacera anapatikana Jumamosi.

Nafunga hapa kwa heshima nyingi. Nisalimie walimu wote, karani wa masijala, askari wa lango na yule aliyeshika kalamu nyekundu, simchukii. Opiyo anawasalimu, watoto wanawasalimu, na jirani yetu Mama Nduta amesema asisahaulike.

Mwanafunzi wenu mtiifu,
Angeline Awuor

Nyongeza, Jumatatu tarehe 19: Barua hii nilimpa Opiyo aitie posta Jumatatu iliyopita. Alikutana na Mzee Kabiru kwa duka, wakajuliana hali mpaka posta ikafungwa. Jumanne alikutana na watu wa kwaya. Sitaendelea. Jana nilikuwa nafua koti lake, nikaipata mfukoni, pamoja na salamu za wiki nzima alizotumwa aniletee. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeuma usiku kucha.

Leo naipeleka mwenyewe, na hapa posta ndipo naandika, kwa kalamu ya kuazima. Mama Nduta alikuwa mlangoni kwake amenyoosha mkono. Nilimpita kama mlingoti wa simu. Miaka tisa ya ujirani, Bwana Mtahini, na nimesikia akiuliza watoto wangu kama nimefiwa. Tafadhali, ukifungua barua hii ruka salamu zote uende moja kwa moja kwa alama nne. Nijibu upesi, kwa neno moja tu, nirudi nimwamkie mama wa watu.