Hodi Mbili za Berto Furtado

Jumatano, 9 Januari
Gari langu limevutwa! Langu mimi, diwani! Theluji ikianguka ni marufuku kuegesha barabarani usiku, sawa, lakini marufuku ni ya wengine. Na aliyeita brekidauni ni nani? Norberto Furtado, mkuu wetu wa polisi, jirani wa ng'ambo ya barabara, msimamizi wangu wa harusi, mtu ninayecheza naye karata kila Alhamisi! Nimempigia simu. Eti alibisha hodi mara mbili kwanza, na taa zikazimwa. Kweli nilizizima. Nilidhani amekuja kuazima koleo la theluji. Atanitambua.

Alhamisi, 10 Januari
Karata sikwenda. Dawa yake nimeipata. Berto alipata cheo kwa mtihani wa jimbo, kwa hiyo sisi madiwani hatuwezi kumgusa. Basi tubadili katiba ya mji: mkuu wa polisi aajiriwe na madiwani, afukuzwe na madiwani. Wakazi wapige kura, bunge la jimbo kule Boston liidhinishe, kwaheri Berto! Mke wangu Corinne akauliza kama yote haya ni kwa sababu ya gari. Nikamwambia ni demokrasia. Akacheka mpaka akapaliwa.

Saa ya karata taa ya jikoni kwa Berto iliwaka muda mrefu. Nilichungulia kidogo tu.

Jumatatu, 6 Mei
Mkutano mkuu wa wakazi, ukumbi wa shule. Nilihutubia vizuri, sijisifu. Ukumbi ukanuna! Hakuna mtu mji huu ambaye Berto hajamsukumia gari kwenye theluji. Mara Bi Thelma Wixon akasimama na soksi anayoifuma mkononi. Alisema hoja si mbaya, ila iongezwe kwamba aliyeko kazini sasa asiguswe. Makofi! Nikaona kura zinamiminika, nikaropoka kwamba naafiki. Tumeshinda kwa kishindo.

Nimefika nje ndipo nikaelewa nilichoafiki. Nimemjengea Berto ngome kwa mikono yangu! Haidhuru. Bunge litakifuta kifungu hicho.

Jumanne, 8 Oktoba
Boston, mbele ya kamati ya bunge. Wabunge wawili, mmoja anakula sandwichi. Ndiyo kwanza nafungua kinywa kuomba kifungu cha Bi Thelma kifutwe, mlango ukafunguka. Berto! Sare imepigwa pasi. Naye akaunga mkono hoja yangu! Akasema mtihani haupimi moyo wa mtu, na wakazi wana haki ya kumchagua anayewalinda, kupitia madiwani wao. Kifungu sikukitaja tena.

Natoka nje, gari limevutwa. Na Boston nako! Berto akanirudisha nyumbani. Tulipokaribia akasema, "Lionel, kama ulitaka niondoke si ungeniambia tu, ndugu yangu? Mimi na wewe wa kupelekana bungeni?" Nikajibu kwamba si yeye, ni kanuni. Uongo mtupu.

Ijumaa, 20 Desemba
Gavana ametia saini. Kifungu kimo. Berto sasa haguswi hata na upepo. Saa sita mchana akaja ofisini kwetu, akaweka beji mbele yangu, akaaga kazi.

Nikamwambia, "We Berto, una wazimu? Sheria inakulinda!"

"Najua inanilinda," akasema. "Dhidi ya nani?"

Akaondoka. Ee Mungu, najuta. Nilitaka tu aniombe radhi kwa ajili ya gari. Beji ilikuwa bado na joto la mkono wake.

Jumapili, 22 Desemba
Theluji usiku kucha. Asubuhi gari halipo. Kaimu mkuu wa polisi kalivuta bila hata kubisha! Nilikaa macho nikisikiliza mlango, sijui kwa nini.

Corinne ameoka pai ya tufaha. Akasema nivuke barabara, nibishe hodi, niseme samahani, basi. Dirishani namwona Berto mezani, karata mbele yake, kiti cha pili kimesogezwa tayari kwa mgeni. Nikavaa buti moja. Nikalia, kusema kweli.

Hapo wazo likanijia! Samahani ya mdomo ina uzito gani? Nitamrudisha kwa sheria! Tubadili tena katiba ya mji: Norberto Furtado arejeshwe kazini kwa heshima zote. Bunge halitachukua zaidi ya mwaka, tuseme miwili. Nimeketi, naandika, kalamu inateleza yenyewe. Nimeongeza na kifungu cha pili: mkuu wa polisi abishe hodi mara mbili kabla ya kuvuta gari la mtu.

Pai inapoa. Corinne anauliza kutoka jikoni kama nimeshapiga hodi kwa Berto. Nimemwambia awe na subira, kwanza bunge liidhinishe.